Ukienda Richmond Park, kuni ziache zilipo

Kosa langu la kwanza Richmond Park, ile hifadhi kubwa ya miti na ayala humu London, lilikuwa kuokota kuni. Sikuwa na shida nazo, maana fleti yangu hapa London ina jiko la umeme na king'ora cha moshi kinacholia hata nikikaanga samaki wawili. Lakini nimelelewa Lushoto, na mtoto wa Lushoto akiona tawi kavu limelala njiani, mkono unamwasha. Nikalibeba kwapani, nikisema nitalisimamisha dirishani liwe pambo.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akanisimamisha. Kwa ule upole wao unaouma kuliko kufokewa, akaniomba nilirudishe nilipolitoa, na upande uliokuwa chini ubaki chini. Nilipoligeuza ndipo nikaona nilichokuwa nimekikumbatia: nyuzi nyeupe za uyoga zimetambaa kama utando wa buibui, tandu mdogo anakimbilia kwenye ufa, na funza mweupe mnene, kichwa rangi ya chungwa, amejikunja amelala. Koti langu lilifuliwa siku hiyo hiyo.

Hiyo ni miaka tisa nyuma. Siku hizi naenda karibu kila mwezi, na kila mgeni anayekuja kutoka nyumbani ananiomba nimpeleke. Nimechoka kurudia maneno yale yale njiani, kwa hiyo nayaandika.

Kwanza, usitegemee bembea na vitanda vya maua. Ni hekta 955 za nyasi, vichaka na miti ndani ya jiji lenyewe, zimezungukwa na ukuta uliojengwa mwaka 1637 na Mfalme Charles I, aliyetaka pa kuwindia. Wenyeji wenye ardhi yao humo hawakufurahi. Mwaka 1758 John Lewis, mpika bia wa Richmond, alishinda kesi iliyowarudishia watu wa kawaida haki ya kupita humo kwa miguu. Hadi leo kuingia ni bure, nami kila nikipita getini namshukuru huyo mpika pombe.

Miti yenyewe mingi ni mialoni. Wengi wetu tunaujua mwaloni kwa jina tu, kwa ile mialoni ya Mamre alipokaa Ibrahimu. Wa huku ni ndugu yao wa nchi za baridi. Waingereza husema mwaloni hukua miaka 300, hukaa miaka 300, kisha hufa polepole miaka 300 mingine. Idadi ya miti mikongwe mle ndani ni kama 1,300, na baadhi ilikuwa imesimama kabla ukuta haujawazwa.

Sasa ushauri wenyewe: ukitaka kuona wanyama, achana na mti mzuri, tafuta mti mbovu. Mgeni hukimbilia ule ulionyooka wenye majani tele, apige picha. Mimi humgeuza kwa mabega nimwonyeshe kule kwenye kisiki kifupi, kinene kama kibanda cha mlinzi, kimepasuka katikati na ndani ni pango. Zamani waliikata mialoni kichwa, juu ya usawa ambao ayala wanaoishi humo hawafiki, wakachukua fito na kuni, mti ukachipua tena. Ukikatwa hivyo kwa zamu unaishi muda mrefu kuliko ulioachwa ukue tu. Na uwazi wa ndani si ugonjwa wa kuutilia mti huruma, kwani moyo wa mti mkubwa ni mbao iliyokwisha kufa. Uhai uko kwenye ganda la nje, chini ya gome.

Keti mbele ya pango kama hilo robo saa. Usitembee, usile karanga za mfuko unaopiga kelele. Mara nyingi anayetokea kwanza ni kasuku wa kijani mwenye mkia mrefu, maana London wamejaa na wanapenda matundu hayo hayo ambayo ndege wengine wanayahitaji. Kisha kigogota. Yule wa kijani utamkuta chini kwenye vichuguu vya sisimizi wa manjano, amezamisha mdomo. Na ukibahatika, bundi mdogo, mfupi kama kopo la maziwa, anayekaa nje mchana kweupe akikukodolea macho kana kwamba una deni lake. Nilimpiga picha nikamtumia Mama kwa WhatsApp. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Mfukuze huyo, na usirudi huko!" Bundi wetu na bundi wao hawana sifa sawa.

Ukiona mti umezungushiwa uzio wa fito, usiruke kwenda kuukumbatia kwa ajili ya picha. Mizizi inayoulisha iko juu juu, na ardhi ikikanyagwa na maelfu ya miguu inashupaa kama sakafu, maji na hewa visipite. Mti uliovumilia karne tano unaweza kudhoofishwa na watu wanaoupenda.

Narudi kwenye kuni, maana ndiko kwenye utajiri. Utakuta magogo yameanguka na yameachwa yaoze pale pale. Mtu wa kwetu anaona uvivu. Nilidhani hivyo mwanzoni, kwamba serikali hii tajiri imeshindwa kuajiri wafagizi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Hapo wamehesabiwa aina zaidi ya 1,350 za mbawakawa, na wengi wanaishi kwa mbao iliyokufa. Ni sehemu ya sababu ya mahali hapa kutangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mazingira mwaka 2000.

Mfalme wao ni yule anayeitwa kwa Kiingereza stag beetle, ambaye dume lake lina taya kubwa kama pembe za ayala, rangi ya kahawia iliyoiva, na kwa urefu anaweza kupita sentimita saba. Jike hutaga ardhini karibu na mbao inayooza. Funza hula mbao hiyo gizani miaka mitatu, minne, wengine hadi sita au saba. Akishakuwa mbawakawa kamili hutoka, akaruka wiki chache tu za kiangazi, akatafuta mwenza, akafa. Hebu piga hesabu: anayeng'oa kisiki leo ili bustani yake iwe safi anawamaliza wote waliotagwa humo tangu miaka mitano au sita iliyopita. Ndiyo maana nasema hata wewe mwenye kijibustani cha nyuma ya nyumba huku kusini mwa London, zika kigogo kimoja nusu ardhini, kisha kisahau. Hakidai pesa wala maji.

Kuwaona, nenda jioni ya joto isiyo na upepo, mwishoni mwa Mei au Juni, kama saa tatu na nusu usiku jua likizama. Sikiliza kabla ya kutazama. Huvuma kama pikipiki ya mbali na hupaa wima, miguu inaning'inia, kama mtu anayejifunza. Asubuhi yake angalia njiani, utaokota kichwa kitupu chenye taya. Kunguru hula tumbo wakaacha hicho.

Ayala ni rahisi kuwaona, wako zaidi ya 600 wa aina mbili, na ndio watu hufanya nao upuuzi mwingi. Wale wale wa Zaburi ya 42 wanaoionea shauku mito ya maji, basi hapa utawakuta wamesimama kwenye kidimbwi wakitafuna. Sheria ya hifadhi ni kukaa umbali wa mita 50, yaani nusu ya uwanja wa mpira. Oktoba moja nilifika alfajiri, ukungu umelala, nikawa naufuata mngurumo nikidhani dume yuko mbali. Kumbe nilikuwa nimeingia katikati yake na majike yake. Alitokea makangagani na fungu la majani limenasa pembeni, mvuke ukimtoka mdomoni, akasimama. Simu ilikuwa mkononi lakini sikuipiga picha hiyo. Nilirudi nyuma kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mti, na huo mti sikuutoka hadi alipoondoka. Septemba na Oktoba ni msimu wao wa kupandana, madume hawana subira. Mei hadi Julai ni msimu wa kuzaa: ukimkuta mtoto amejilaza peke yake kwenye makangaga usimguse, usimpe jina, usimwite mtu. Hajatupwa. Mama yake yuko karibu anakusubiri wewe uondoke. Mwenye mbwa amfunge kamba.

Karoti na mkate viache nyumbani. Wakati wa vuli ayala wana chakula chao, matunda ya mialoni yaliyodondoka, wanayanenepea kabla ya baridi. Kwa hiyo usiyaokote kujaza mifuko. Uyoga nao hauchumwi, ni kosa kisheria, hata kama unaujua kuliko bibi yako. Utamwona pia ndege wa jamii ya kunguru mwenye kipande cha buluu kwenye bawa akiyafukia hayo matunda moja moja. Yale anayoyasahau ndiyo mialoni ya kesho, na hakuna mfanyakazi wa bustani anayempita kwa bidii.

Kuna jambo ambalo wageni hawapendi kulisikia. Novemba na Februari geti za waenda kwa miguu hufungwa usiku, kwa sababu baadhi ya ayala hupigwa risasi. Ndani ya ukuta hakuna mbwa mwitu wala simba, na wakizidi wanatafuna kila mche unaochipua hadi mialoni ikose warithi. Tazama miti yote, majani ya chini yamekatika kwa mstari mmoja ulionyooka kama umepimwa kwa kamba. Huo ndio urefu wa shingo zao. Mimi mwenyewe nilikasirika mwanzoni, sasa naona ni uamuzi mchungu wenye maana.

Tahadhari mbili za mwili. Kiangazi kuna viwavi wa mialoni wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye shina kama wanafunzi wakienda gwaride. Waliingia na miche kutoka bara la Ulaya miaka ya 2000. Vinyweleo vyao ni upupu mtupu, huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo usikae chini ya kiota chao. Ya pili ni kupe: ingiza suruali ndani ya soksi, jikague ukifika nyumbani, na ukiona duara jekundu linatanuka kwenye ngozi nenda kwa daktari mapema.

Mama alikuja kunitembelea, Juni ya juzijuzi. Nikampeleka jioni na chupa ya chai. Tulipopita kwenye lile bonde la magogo alisimama, akaegemea fimbo yake, akatazama kushoto na kulia. "Kuni zote hizi, mwanangu. Zinaoza tu?" Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie. Akanyamaza. Tukakaa kwenye benchi, nikammiminia chai. Giza lilipoanza kuingia kitu kikavuma, kikapiga kanga yake begani, kikang'ang'ania hapo, dume zima na pembe zake. Nilinyoosha mkono nimtoe.

"Mwache apumzike," Mama akasema. "Si umesema ana wiki chache tu?"

Tulikosa basi namba 65 la kwanza tuliloliona likipita nje ya geti la Petersham, tukapanda lililofuata.