Albumini kushuka wakati wa tiba ya kemikali: tuliyoyaona kwa baba

Ndugu uliyeuliza kwa nini albumini (protini kuu ya kwenye damu) ya mama yako, mwenye saratani ya mapafu, imeshuka hadi gramu 29 kwa lita baada ya dozi ya pili ilhali anakula mayai kila siku, pole sana kwa kuuguza. Nilimuuguza baba mzazi kwa ugonjwa huohuo.

Mimi pia nilidhani tatizo ni chakula. Nilikaa kando ya kitanda na bakuli la mtori nikimsihi aongeze kijiko kimoja, naye akigeuzia uso ukutani kwa kuwa kila kitu kilimwachia ladha ya chuma mdomoni. Daktari ndiye aliyeweka kidole juu ya mstari wa karatasi ya majibu ambao sikuwa nimeusoma: CRP, protini ambayo kwa kawaida huwa chini ya miligramu 10 kwa lita, ilikuwa 64.

Protini hizo mbili hutengenezwa na ini. Uvimbe wa saratani au maambukizi yanapouchochea mwili ujihami, ini hupunguza kutengeneza albumini na kuongeza CRP, na wakati huohuo mishipa midogo ya damu huvujisha albumini kwenye nyama za mwili; miguu ya baba ilijaa kiasi kwamba soksi ziliacha alama ya mfereji. Kutokula huzidisha upungufu, na maji mengi ya dripu yanayoambatana na sisiplatini, mojawapo ya dawa za tiba ya kemikali, huweza kuizimua damu, kwa hiyo ombeni kipimo kichukuliwe kabla ya dripu.

Baba alikutwa na nimonia. Alipopewa antibiotiki, CRP ilishuka hadi 15 ndani ya wiki moja, lakini albumini ilipanda polepole, kutoka 28 hadi 33, tulipofika dozi ya nne, kwa sababu albumini hubadilishwa taratibu mwilini, nusu yake ikichukua takriban siku 20 kuondoka, ilhali CRP hubadilika kwa saa.

Kwa hiyo muulizeni daktari CRP ya mama ya siku ileile ni ngapi. Ikiwa imepanda ghafla, maambukizi yatafutwe mapema, na homa ikifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, mpelekeni hospitali bila kungoja kuche. Mayai endeleeni nayo, kidogokidogo mara nyingi, wala msimlaumu akishindwa kumaliza.