Ukigusa fankisheni, gusa na komenti yake

Wacha niwaambie kitu kilinitoa jasho. Mnakumbuka 2020 wakati wa korona VAT hapa Kenya ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Nikaingia kwa ile fankisheni yetu, kile kipande cha programu chenye kazi moja ya kuongeza kodi (kodi ya serikali jamani, si ya kompyuta), nikabadilisha namba, na kwa vile siku hiyo nilikuwa na bidii nikaweka na komenti huko juu, yale maelezo ya kusomwa na watu ambayo kompyuta inayaruka: "inaongeza VAT asilimia 14". Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16. Mimi niko mkesha wa mwaka mpya na laptopu mapajani, nikageuza 0.14 ikawa 0.16, nikapushi, nikaenda kula nyama. Komenti hata sikuiangalia.

Miezi ikapita, akaja kijana mpya, mtu mwangalifu kweli, akapewa kazi ya kutoa VAT kwenye jumla. Akasoma komenti yangu akaiamini, na mbona asiiamini, akagawanya kwa 1.14. Invoisi ya 11,600 badala ya kurudi 10,000 ikarudi 10,175 na senti 44, mhasibu wa mteja akanipigia nikiwa bado kwa matatu Ngong Road, jam imekazana. Siku nzima tulimhangaisha kijana na hesabu zake. Git blame, ile amri ya kuonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho, ndiyo ilinitaja.

Shida ni kwamba git, inayotunza historia ya mabadiliko, ikikuonyesha ulichobadilisha inaweka mistari mitatu tu juu na mitatu chini, kwa hivyo komenti iliyo mistari kumi juu huioni, na ile iko faili ingine ndo kabisaa. Siku hizi nafungua fankisheni nzima nasoma kutoka juu, halafu napiga grep, yaani natafuta jina lake kila mahali, hata kwa README, lile faili la maelezo ya mradi. Watu wa Python mna raha, weka mfano ndani ya docstring, maelezo yanayokaa ndani ya fankisheni yenyewe, na ukiendesha doctest itaujaribu, ukipitwa na wakati unafeli hapo hapo.

Na namba siandiki tena kwa komenti, si iko hapo chini kila mtu anaiona. Naandika sababu. Sasa pale pamekaa hivi: "tumia tarehe ya invoisi, si ya leo, invoisi ya Juni 2020 ikirekebishwa bado ni 14".

Kijana ndiye anakagua kazi yangu sasa. Juzi amenirudishia moja na maneno matatu tu: "Bosi, na komenti?"