Muulize Fundi: Pikapu ya Silinda Nne, Mbona Inabugia Mafuta Hivi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za pikapu, na karibu zote zinalia kilio kimoja, kwamba mtu aliambiwa silinda nne haili kitu, halafu akaenda pampu akaona maajabu. Nimechagua chache, nyingine zinafanana nimeziunganisha.

Fundi shikamoo. Nimenunua pikapu ya dizeli ya 2016, silinda nne, cc 2400, imetoka mkononi mwa mtu. Kitabu chake kinasema lita 7.5 kwa kilomita 100, mimi napata 10 na ushee. Nimebadilisha oili na filta zote, bado. Nimeuziwa mbovu?

Marahaba. Kabla hatujamshika uchawi aliyekuuzia, niambie kwanza hiyo 10 umeipataje, manake hapa ndo watu wengi wanapotelea. Kama umeweka mafuta nusu tenki ukaangalia mshale umeshuka kiasi gani, hapo hujapima, umebashiri. Kama umesoma kile kikompyuta cha kwenye dashibodi nacho ni makadirio tu, vingi vina tabia ya kumsifia mwenye gari.

Fanya hivi. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, ikishakata usiongezee hata tone, rudisha tripu sifuri, nenda kaishi maisha yako ya kawaida. Tenki likikaribia kuisha rudi kwenye pampu ileile, simamisha gari vilevile ilivyosimama mwanzo (gari ikiinama kidogo tenki linapokea tofauti, usicheke, ni kweli), jaza mpaka ikate tena. Tuseme zimeingia lita 58.4 na tripu inasoma 612. Gawa 612 kwa 58.4 unapata 10.5, ndo kilomita zako kwa kila lita. Ukitaka kulinganisha na kitabu geuza, 58.4 gawa kwa 612 mara 100, unapata lita 9.5 kwa kilomita 100. Rudia tenki tatu ndo utoe wastani. Na usipime kwa lita 15, kwa sababu pampu ikikata mapema kwa lita mbili tu, kwenye lita 15 hilo ni kosa kubwa mno, kwenye lita 58 linamezeka.

Sasa hicho kitabu. Namba ya 7.5 haikupatikana barabarani. Gari inafungwa ndani ya jengo, magurudumu yanazunguka juu ya rola, dereva anafuata mchoro wa spidi kwenye skrini. Kipimo cha zamani cha Ulaya kinaitwa NEDC, na pikapu ya 2016 iliyopimwa kwa taratibu za Ulaya ilipita humo, kilikuwa dakika 20 tu na kilomita kama 11, gari karibu tupu, AC imezimwa, gia zinapandishwa taratibu kama mtu amebeba mayai. Wazungu wenyewe walikuja kukiri hakifanani na maisha, kuanzia Septemba 2017 wakaanza kuleta kingine, WLTP, dakika 30, kilomita 23, spidi inafika mpaka 131. Hicho kina nafuu, lakini bado ni rola, hakuna mlima, hakuna shemeji na magunia yake nyuma.

Na hujaniambia unakimbia ngapi. Pikapu ni kabati linalosukumwa kwenye upepo, kioo kimesimama, bodi iko wazi, tumbo limenyanyuka juu ya barabara. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa spidi, yaani ukitoka 90 kwenda 110 spidi imeongezeka kama asilimia 22 lakini upepo unaokusukuma kurudi nyuma umeongezeka karibu nusu nzima. Nimeshaona mtu analalamika miezi, nikamwambia shikilia 90 tenki moja tu, akarudi anataka kunikumbatia. Kinyume chake ni foleni, pale unaunguza mafuta na kilomita haziendi kabisa, injini ikiunguruma imesimama inaweza kumaliza lita moja kwa saa au hata karibu mbili kutegemea ukubwa wake na kama AC inafanya kazi. Halafu safari fupifupi za asubuhi injini ya baridi, kilomita tatu unazima, hizo zinaumiza kuliko unavyodhani, na kama yako ina lile chujio la masizi kwenye ekzosi inabidi mara kwa mara iongeze mafuta ili ichome masizi yake.

Kwa hiyo kama kipimo chako cha kweli kitaleta lita 9 au 10 kwa kilomita 100 na unachanganya mjini na safari, hujauziwa mbovu. Zikija lita 13 uniandikie tena tufungue boneti.

Mimi na shemeji yangu tunabishana. Yeye anasema silinda nne lazima ile kidogo kuliko sita, hakuna mjadala. Mimi yangu ni silinda nne ya petroli yenye turbo na nikibeba mzigo inakunywa kama sita tu. Nani yuko sahihi?

Shemeji yuko sahihi asubuhi, wewe uko sahihi mchana mzigo ukishapanda. Mafuta yanafuata kazi inayofanyika, hayahesabu pistoni. Injini ndogo ina vitu vichache vya kusuguana ndani, kwa hiyo gari ikiwa tupu, mwendo wa kawaida, au imesimama inaunguruma, inashinda. Ila ukishaweka mzigo na kupanda mlima, turbo inasukuma hewa nyingi ndani, na hewa ikiingia mafuta lazima yaifuate, na kwenye petroli nyingi ukikandamiza sana kompyuta inaongeza mafuta ya ziada kupoza moto usiunguze vyuma. Pale ule udogo umeisha, unaendesha injini kubwa iliyovaa nguo ndogo.

Mfano ambao uko hadharani. Chevrolet Silverado ya 2019, pikapu kubwa kabisa, wakaiwekea silinda nne ya turbo ya lita 2.7, watu wakashangilia. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani inayotangaza hizi namba, ikatoa maili 20 kwa galoni mjini, 23 barabara kuu, wastani 21 kwa ile ya kuendeshwa na magurudumu ya nyuma tu. Hiyo 21 ni kama kilomita 8.9 kwa lita. Wakati huohuo Ford F-150 yenye silinda SITA, lita 2.7 hizohizo, turbo, ilikuwa na 20 mjini, 26 barabara kuu, wastani 22. Sita ikaipita nne. Mpe shemeji hiyo ale nayo.

Lakini usimwonee sana, kwa sababu kuna Ford Maverick ya 2022, pikapu ndogo, silinda nne lita 2.5 ya haibridi, yaani petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, ilipata maili 42 kwa galoni mjini na 33 barabara kuu. Angalia vizuri, mjini inakula KIDOGO kuliko barabara kuu, kinyume cha magari yote tuliyozoea. Sababu ni kwamba kila ukifunga breki inarudisha umeme kwenye betri halafu inautumia kuondokea. Barabara kuu hakuna breki za kufunga, umebaki na upepo tu.

Nimefunga tairi kubwa kwenye pikapu yangu, toka 265/65 R17 mpaka 285/70 R17. Inapendeza balaa ila tangu siku ile kilomita kwa lita zimeshuka. Tairi zinakula mafuta?

Zinakula, nzito na pana zaidi, ila nusu ya huo msiba ni hesabu. Ile ya zamani ina kipenyo kama milimita 776, mpya kama 831. Ni asilimia 7 zaidi. Gari yako haijui umeibadilishia viatu, inahesabu mizunguko ileile, kwa hiyo kila odomita ikisoma 100 wewe umetembea 107. Ile 612 tuliyopigia mfano pale juu kwako ingekuwa 655, na lita 58.4 zilezile zingekupa 11.2 badala ya 10.5. Zidisha kilomita zako kwa 1.07 kwanza ndo ulie. Na spidi nayo inadanganya hivyohivyo, ukisoma 100 uko 107, hilo ulijue kabla trafiki hajakujulisha.

Na upepo wa hizo tairi upime zikiwa za baridi, asubuhi kabla hujatembea.

Ni kweli ukishusha mlango wa nyuma wa bodi hewa inapita na mafuta yanapungua?

Hapana. Mlango ukiwa umefungwa hewa inazunguka ndani ya bodi inatengeneza kama mto, na upepo wa juu unateleza juu ya ule mto unaendelea na safari. Ukishusha mlango umeuharibu mto. Turubai lililobana vizuri linaweza kusaidia kidogo, linalopigapiga upepo afadhali uliache nyumbani. Cha maana zaidi toa vitu usivyovihitaji, hesabu ya kawaida ni kwamba kila kilo 45 za ziada zinakula kama asilimia moja. Kuna watu wanatembea na mchanga wa ujenzi wa mwaka juzi huko nyuma. Na keria ya juu kama huitumii ifungue, ile kwenye mwendo mkali ni dhambi.

Dereva wangu akifika mteremkoni anaweka frii, anasema anaokoa mafuta. Nimwache?

Usimwache hata siku moja. Kwenye injini ya injekta, ukiachia pedeli ukiwa ndani ya gia kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndo yanayozungusha injini, unateremka bure. Akiweka frii injini inabaki peke yake na inabidi inywe ili isizime. Kwa hiyo anamwaga mafuta akidhani anaokoa, na juu ya hapo mzigo wote ameuachia breki, zikichemka zinapotea. Zile kongwe za kabureta hesabu yake ya mafuta ni nyingine ila breki ni zilezile.

Pikapu yangu ilikuwa inatembea 11 kwa lita, ghafla imeshuka, na sijabadilisha chochote wala njia ni ileile. Nianzie wapi?

Neno "ghafla" nimelipenda. Namba inayoshuka yenyewe bila wewe kubadilisha njia wala mzigo, hiyo sasa ni gari inaumwa.

Hili limenikuta. Pikapu yangu ya kazi ilitoka 11 ikaenda 9 ndani ya wiki mbili. Nikaosha nozeli, nikabadilisha plagi, fundi mmoja (jina naliweka kapuni) akaniuzia sensa ya oksijeni na bei yake bado inaniuma, namba haikusogea. Siku moja nimerudi safari fupi, nikadondosha funguo karibu na gurudumu la mbele kushoto, nainama kuokota joto likanipiga usoni kama nimefungua tanuri, na kaharufu kale ka breki inayoungua. Nikasogeza kiganja upande wa pili, kulia, rimu vuguvugu tu. Nikapiga jeki, nikasukuma tairi kwa mikono miwili, likaenda robo mzunguko likagoma. Pini ya kalipa, kile kibanio cha pedi za breki, ilikuwa imekauka imeganda, pedi imeng'ang'ania diski, wiki mbili nzima natembea nimefunga breki. Grisi kidogo na msasa, nikarudi 11.

Kwa hiyo anza na kisichohitaji hela. Tembea dakika kumi, simama, pitisha kiganja KARIBU na kila rimu bila kugusa, ulinganishe kushoto na kulia. Halafu upepo wa tairi. Halafu angalia geji ya joto, kama inakaa chini muda wote haifiki pale ilipozoea basi themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, imekwama wazi, injini haipati moto wake na kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga mafuta. Na kama ni ile ya kuweka gia ya magurudumu manne, hakikisha haijabaki humo. Taa ya injini ikiwaka ndo unaenda kwa mtu mwenye mashine ya kusoma.

Ile filta ya hewa ambayo kila mtu anaikimbilia, kwenye petroli ya injekta ikichafuka unapoteza nguvu lakini mafuta hayabadiliki sana, kwa kuwa kompyuta inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Ibadilishe, ndiyo, ila usiitegemee ikurudishie kilomita mbili.

Kuna sumaku inauzwa ya kufunga kwenye bomba la mafuta, wanasema inapunguza ulaji robo nzima. Nichukue?

EPA wale wale wameshapima au kukagua vidude zaidi ya 100 vya aina hiyo, sumaku, vya kuchanganya hewa, vya kumwaga kwenye tenki, na hawakupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Kama umeshainunua ibandike kwenye friji ikushikie karatasi ya hesabu zako za tenki.