VPN ya Uswisi au ya Marekani?

SWALI: Shikamoo mzee. Kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mara nyingi kwa WiFi ya mgahawa. Nataka VPN ya kulipia, ile huduma ya kuficha mawasiliano yangu ya mtandaoni. Rafiki yangu ananikataza za Marekani na za nchi zote za “Macho 14” zinazopeana taarifa za kijasusi. Yuko sahihi? – R.J., Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakosea, ila ameanzia mwisho. Mimi huuliza kwanza: siku dola ilipobisha hodi, kampuni ilikutwa na nini?

Kampuni ya VPN ya Mullvad iko Gothenburg, Uswidi, ndani kabisa ya hayo Macho 14. Aprili 2023 polisi waliingia ofisini kwao na hati ya upekuzi, wakitaka kompyuta zenye taarifa za wateja. Waliondoka mikono mitupu. Na watapata nini? Ukijiunga unapewa namba ya akaunti basi. Hawaulizi jina wala barua pepe. Ni euro 5 kwa mwezi, na ukitaka unawatumia noti kwenye bahasha.

Sasa tazama Marekani kwenyewe. Mwaka 2016 FBI waliidai Private Internet Access taarifa za mteja, wakakuta hakuna cha kuwasaidia. Mwaka huohuo IPVanish, waliokuwa wakijinadi kwamba hawatunzi kumbukumbu za matumizi ya wateja, waliwakabidhi wapelelezi kumbukumbu za mteja wao. Nchi moja, sheria zilezile. PureVPN nao walikuwa Hong Kong, nje ya Macho yote, lakini mwaka 2017 kumbukumbu zao zikawasaidia FBI kumnasa mtu.

Nchi ninayoikimbia mimi ni ile inayolazimisha kumbukumbu zitunzwe. India iliagiza hivyo mwaka 2022: majina na anwani za wateja, miaka 5. NordVPN, ExpressVPN na Proton wakaondoa seva zao huko.

Mwangalie na mwenye mali. ExpressVPN inapeperusha bendera ya British Virgin Islands, lakini mwaka 2021 ilinunuliwa na Kape Technologies ya London, ndani ya Macho 14.

Za bure? Onavo ilikuwa ya bure, mali ya Facebook, na ilikuwa ikimwambia tajiri wake programu gani watu wanazifungua. Mfuko ukibana, chukua ile ya bure ya Proton, ya Geneva, Uswisi. Wao hulipwa na wateja wa huduma ya kulipia. Ukiwa na kadi, nenda Mullvad.

Na kwa kuwa uko Morogoro: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitangaza kwamba wanaotumia VPN wajisajili kwao. Hilo limalize kabla hujalipia chochote.