Fedha ziende kwa anayebisha hodi

Swali la wiki hii: kama fedha za afya ya jamii zingetosha jambo moja tu, zipelekwe wapi ili magonjwa ya kuambukiza yapungue? Najua wengi watataja jengo, mashine au gari la wagonjwa. Mimi nasema apewe mhudumu wa afya ya jamii, yule anayemfuata mgonjwa hadi nyumbani. Nitasemea kifua kikuu, maana ndicho ninachokifanyia kazi.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu na milioni 1.25 wakafariki. Na ni ugonjwa unaotibika! Mashine ya kisasa hutoa jibu la makohozi kwa muda wa saa 2 hivi, na dawa zinajulikana: kwa kifua kikuu kisicho sugu kwa dawa, tiba ya kawaida ni miezi 6, dawa 4 kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha 2 kwa miezi 4 inayobaki.

Mwanzoni mgonjwa hahitaji kubembelezwa. Anakohoa usiku kucha, shati linalowa jasho, nguo zinampwaya. Kazi huanza kikohozi kinapokatika na hamu ya chakula kurudi. Anajiona mzima, anarudi kwenye shughuli zake, siku ya kuchukua dawa inapita. Kumbe vimelea vilivyobaki mwilini ni vile vinavyokufa polepole, na miezi iliyobaki ni kwa ajili yao. Akiachia hapo ugonjwa unaweza kurudi, pengine ukiwa umeshakuwa sugu. Mashine haiwezi kujua kwamba mtu ameacha dozi. Anayejua ni aliyemtembelea.

Niliwahi kumkuta mama mmoja ameficha pakiti za vidonge chini ya godoro. "Mwanangu, dawa hizi zinanitoa damu," akaniambia kwa sauti ya chini, mlango ameufunga. Alikuwa ameona mkojo wake umegeuka rangi. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hufanya hivyo: mkojo, jasho, hata machozi huwa na rangi ya chungwa au nyekundu, na si damu. Alipopewa dawa hakuna aliyemweleza. Tulihesabu vidonge pamoja pale kitandani, kesho yake tukaenda wote kliniki wakamwangalia upya, akaendelea na tiba. Sioni ni dirisha gani la dawa lingeligundua jambo lile.

Nyumba hiyo hiyo walikuwa wamemtengea kikombe na sahani. Hilo nalikuta kila mahali na linaniumiza. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, mtu anapokohoa au kuzungumza, hakisambazwi na vyombo. Cha kufungua ni madirisha. Na walioishi naye nyumba moja wapimwe wote, hasa watoto walio chini ya miaka 5, ambao wakikutwa hawana ugonjwa hupewa tiba kinga. Mara nyingi ukifika kumwangalia mgonjwa mmoja unasikia kikohozi kingine kutoka chumba cha pili.

Kwa hiyo fedha zilipe watu hawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na kazi wanayoifanya, lakini wengi bado huitwa wa kujitolea na hutumia nauli yao wenyewe. Wapewe mshahara, nauli, barakoa zinazofaa, na simu yenye salio. Kliniki nayo iwape jina la aliyekosa kuchukua dawa siku ile ile, isingoje mwisho wa mwezi. Na kabla ya kwenda, wampigie mgonjwa wamuulize angependa wakutane wapi. Wengi hawataki majirani wajue, na wana haki hiyo.