Neno "rehellisyys" na u- yetu ya Kiswahili

Miezi yangu ya kwanza Tampere, mji wa Finland, nilikariri maneno kumi ya Kifini kila siku. Meza, mlango, theluji, yote yaliingia. Lililonishinda ni rehellisyys, ile sifa ya mtu asiyesema uongo. Usiku nalisoma kwa sauti, asubuhi halipo. Mlango unauona ukifumba macho, sifa huioni.

Kilichonisaidia ni Kiswahili chenyewe. Tukitaka jina la sifa, tunatanguliza u-: zuri, uzuri, kweli, ukweli, mtu, utu. Wafini wanafanya vivyo hivyo, ila wao wanapachika mwishoni, -uus au -yys. Hyvä ni -ema, hyvyys ni wema. Ihminen ni mtu, ihmisyys ni utu! Hapo nilisimama, maana nilidhani utu ni neno letu peke yetu. Basi rehellinen ni mkweli, na rehellisyys ni ule ukweli alio nao. Kwa hiyo anza na kivumishi, ukitumie siku mbili tatu kusema watu unaowajua walivyo, ndipo uongeze mkia.

Mkia upi? Neno likiwa na a, o au u, ni -uus. Lisipokuwa nazo, ni -yys. Masikio yetu yameshazoea jambo la namna hii: twasema pikia lakini somea, kwa sababu irabu ya mzizi ndiyo inayoamua. Kuitamka y, weka ulimi kama wa i na midomo kama ya u.

Urefu wa irabu usiupuuze. Vanhus ni mzee, vanhuus ni uzee. Nilipokuwa mafunzoni kwenye makazi ya wazee niliyachanganya katika taarifa ya zamu, na iliniuma, kwa kuwa taarifa ile ilimhusu mtu. Tangu hapo kila neno naliandika pamoja na umbo lake la umilikishi, lile la kusema "wa mzee" au "wa uzee": vanhus, vanhuksen, vanhuus, vanhuuden. Ukiyaweka hivyo huwezi kuyachanganya tena.

Rehellisyys lenyewe nilipewa na bibi mmoja wa pale. Alisubiri kahawa yake, nami nilikuwa nimeisahau. Ningeweza kusingizia mashine. Nikamwambia nimesahau. Akanitazama kidogo, akasema: "Kiitos rehellisyydestäsi," yaani asante kwa ukweli wako. Katika sentensi ile -yys imegeuka -yyde-, na hilo kitabu kilikuwa kimenieleza mara nyingi bila kuniingia.

Kwa hiyo siku hizi daftari langu halina neno la sifa lililokaa peke yake. Nasubiri nilisikie kwa mtu, naandika sentensi yake nzima, kisha chini yake naandika yangu. Chini ya ile ya bibi niliandika: "Arvostan rehellisyyttä." Nauthamini ukweli. Jioni ile nilimsomea, akanisahihishia matamshi ya y mara tatu.