Anaenda kwenye theluji? Anza na glavu, sweta baadaye

Dada wa Kisumu, umeuliza umfumie nini mdogo wako anayekwenda kusoma Trondheim, Norway, mwezi wa nane, na umesema tayari umenunua nyuzi nene za akriliki za kutosha sweta mbili. Wengi hapo juu wamekwambia sweta iwe nene kadiri utakavyoweza. Mimi nakuomba sweta uiweke kando kwanza. Mfumie vitu vya mikono, masikio na miguu, na uvifume kwa sufu halisi ya kondoo.

Mimi ni mtu wa Molo, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huku kati ya Juni na Agosti hakuna anayetoka alfajiri bila sweta na boshori, na kufuma nilifundishwa na mama tangu utotoni. Lakini binti wa dada yangu ameolewa hukohuko Trondheim, na alipojifungua nilikwenda nikakaa naye msimu wa baridi, kwa hiyo nimeziona baridi zote mbili. Ya Molo ina ukungu na siku nyingine sakitu kwenye nyasi, ila jua likishapanda unavua sweta. Ya kule haiondoki. Maji yakimwagika mlangoni yanaganda na unayakuta palepale kesho yake.

Kilichonishangaza zaidi ni ndani ya nyumba. Nyumba, madarasa, mabasi, kote wamewasha joto, na watu wanakaa na nguo nyepesi. Wakitoka wanavaa jaketi kubwa la kuzuia upepo. Sasa ile sweta nene unayowaza itamtoa jasho darasani, na chini ya jaketi haitaingia vizuri. Jaketi atanunua. Wanaoumia ni vidole na masikio, na hapo ndipo mkono wa dada unapohitajika.

Kwa nini sufu? Kinachomzuilia mtu baridi ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Sufu ina mikunjo ya asili, inanasa hewa nyingi. Tena inanyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa. Akriliki hainyonyi, jasho linabaki kwenye ngozi, na jasho likipoa nje kwenye theluji utatetemeka. Hizo nyuzi ulizonunua usizitupe. Mfumie shali ya kujifunika jioni akisoma.

Sufu utaipata wapi? Huku Nakuru wapo kina mama wanaosokota ya kondoo kwa mkono. Ni imara, lakini mara nyingi inawasha, haifai shingoni. Kwako Kisumu, nenda Kibuye Jumapili kwenye mitumba utafute sweta zilizoandikwa kwenye lebo kwamba ni sufu tupu, uzifumue. Kabla hujalipa, igeuze sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukikuta kingo mbili safi zimeunganishwa kwa uzi mmoja, hiyo itafumuka vizuri, uzi mrefu usiokatika. Ukikuta ukingo umekatwa kwa mkasi ukapigwa ovaloku, ile mashine ya kuzungushia uzi ukingoni, iache, kwa sababu kila mstari utakatikia pale na utabaki na vipande. Iache pia iliyofuliwa kwa maji moto hadi ikashikamana.

Lebo ikiwa imetoka, chomoa kauzi kadogo ukakachome nyumbani juu ya sahani. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, inajizima yenyewe, na jivu lake linasagika kwa kidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Uzi ukishaufumua utakuwa umejikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha uuanike ukining'iniza kitu kizito kidogo chini. Utanyooka.

Sasa glavu, maana hapa ndipo penye kazi. Usifume za vidole vitano. Fuma zile za kidole gumba peke yake, vingine vinne vikae pamoja vipashane joto. Kifundoni weka stichi mbili za kawaida, mbili za kinyume, kwa urefu wa vidole vinne, ili iingie ndani ya mkono wa jaketi na theluji isipite. Kiganja fuma kwa rangi mbili. Watu wa Selbu, jirani na Trondheim, wanajulikana kwa glavu hizo, nyeusi na nyeupe, zenye ua la petali nane mgongoni. Inasimuliwa kwamba aliyeanzisha alikuwa msichana mdogo, Marit Guldseth, mwaka 1857. Ule urembo una faida yake: rangi isiyotumika inapita kwa nyuma, kwa hiyo glavu inakuwa na tabaka mbili. Usiache uzi wa nyuma uruke zaidi ya stichi tano bila kuushikiza, la sivyo vidole vitanasa kila akivaa.

Kama rangi mbili zinakutisha, fuma kwa rangi moja ukizidisha ukubwa karibu theluthi, kisha uisugue kwa sabuni kwenye maji moto mpaka ijikaze. Nywele za sufu zina magamba madogo yanayoshikana, na ikishakaza upepo haupiti kirahisi. Hizo ndizo nilizovaa mimi nikisukuma gari la mtoto, na theluji iliyoangukia juu yake nilikuwa naikung'uta tu.

Jambo moja kuhusu sindano. Zetu nyingi hapa Kenya zina namba za Kiingereza cha zamani: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25. Maelekezo ya Marekani kwenye intaneti yanahesabu kinyume. Namba 8 yao ni milimita 5, na 10 ni milimita 6. Angalia milimita tu. Kisha fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, uhesabu stichi kabla ya kuanza.

Boshori ikunjwe mara mbili sehemu ya masikio, basi. Soksi jozi mbili zinatosha, za wastani, na kisiginoni uchanganye uzi wa nailoni zisitoboke. Usizifume nene mno. Mguu ukibanwa ndani ya buti, hewa inakosa nafasi na damu inapita kwa shida, na vidole vitapoa zaidi.

Mwambie afue kwa mkono, maji ya vuguvugu bila kusugua, aanike zikiwa zimelazwa. Na kabla hajasafiri, mwekee mkono na mguu juu ya karatasi uchore mzunguko. Ukishapima upana wa kiganja bila gumba, niandikie hapa pamoja na stichi ulizopata kwenye kile kipande, nikuhesabie za kuanzia.